Nauli Kalipa Nani? Kazi Nyingi za Mwandishi wa Kujitegemea, Ukimtazama Kutokea Kigoma

Magazeti ya kila siku ya nchi hii yanahaririwa Dar es Salaam, na kutoka huko hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Hakuna mwenye gazeti atakayeweka waajiriwa watatu mwisho wa reli wakae wakisubiri jambo litokee. Kwa hiyo nyingi ya habari unazosoma kuhusu dagaa, wakimbizi, sokwe wa Gombe, mawese au meli ya Liemba zimeletwa na mtu ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya mishahara ya gazeti lolote. Ni mwandishi wa kujitegemea. Wiki hii anaandikia gazeti, wiki ijayo redio ya nje, mwezi unaofuata anazunguka na wageni wenye kamera, halafu anapotea kabisa. Ukimuuliza anakwambia yuko kwenye kitabu.

Mtaani hawajui wamweke fungu gani. Ndugu zake wanaamini hana kazi, maana wanamwona nyumbani saa nne asubuhi. Ofisini anaitwa mwanahabari siku ya uzinduzi, na siku anayouliza swali gumu anaulizwa yeye: unatoka chombo gani? Vijana wanaomaliza vyuo vya uandishi wa habari wanakuona kujitegemea kama kituo cha kusubiria ajira, na kwa wengi wao ndivyo ilivyo. Wapo lakini wanaoishi hivyo miaka yote, wakalea watoto na kujenga, na maisha yao yana utaratibu wake. Utaratibu huo huuoni ukihesabu vyeo alivyopitia. Unauona, kwa maoni yangu, ukiuliza swali moja kwa kila kazi anayoishika: nauli kalipa nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua stori ni mali ya nani, lipi litasemwa na lipi litamezwa, na mambo yakiharibika ni simu ya nani itakayopigwa.

Mfano wa zamani tunao hapahapa Ujiji, ingawa wageni wanaofika kwenye makumbusho ya Livingstone huonyeshwa zaidi miembe na sanamu za wazungu wawili wanaovuliana kofia. Henry Morton Stanley alipoingia Ujiji hakuja kama mtawala wala mmisionari. Alikuwa ripota wa gazeti, New York Herald. Na miaka michache kabla ya hapo alikuwa ripota wa kujitegemea hasa. Waingereza walipopeleka jeshi Uhabeshi mwaka 1868 kupigana na Mfalme Tewodros, Stanley alikuwa amekwenda kwa mwenye Herald, James Gordon Bennett mdogo, na wakapatana hivi: safari ajigharimie mwenyewe, gazeti limlipe kwa barua. Alipopita Suez alimpenyezea karani wa telegrafu chochote ili habari zake zitangulie za wenzake. Zikatangulia kweli. Kisha waya ukakatika, na London yenyewe ikapata habari za vita vyake kupitia gazeti la New York. Ile hongo tuiache kwake, lakini mpango wa malipo ndio uleule unaotumika leo kati ya Kigoma na Dar es Salaam: jigharimie, lete, tutaona.

Baada ya ushindi ule akaajiriwa. Oktoba 1869 Bennett akamwagiza amtafute Livingstone, gharama juu ya gazeti. Gharama zenyewe! Alipofika Unguja Januari 1871 hakukuta fedha zikimsubiri. Nguo, shanga na waya za kulipia njiani, pamoja na wapagazi, alivipata kwa mkopo, konsuli wa Marekani akimdhamini. Mwandishi yeyote wa mkoani aliyewahi kuambiwa na ofisi "wewe tangulia, utarejeshewa" atamwelewa vizuri. Akakwama miezi kadhaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwa sababu vita kati ya Mirambo na Waarabu vilikuwa vimefunga njia. Ujiji akaingia Novemba 1871, kwa hesabu yake mwenyewe. Habari ilipofika Uingereza mwaka 1872 wapo waliosema barua za Livingstone alizobeba ni za kughushi, hadi watu wa familia ya Livingstone walipoutambua mwandiko. Na kabla mwaka haujaisha Stanley akatoa kitabu. Gazeti lililipia safari na likapata habari yake. Kitabu kikawa chake, na ndicho kilichomfungulia milango mingine yote. Safari moja ilizaa mali mbili zenye wenyewe wawili.

Walikuwapo pia ambao safari ile haikuwaachia barua wala kitabu. Sidi Mubarak Bombay alikwisha kuiona Ujiji mwaka 1858, alipofika na wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke. Stanley alimwajiri kwa sababu ya ujuzi huo. Susi, mtumishi wa Livingstone, ndiye aliyetoka mbio kumpokea mgeni na kumsalimu kwa Kiingereza. Kwa lugha ya leo watu hao tungewaita mafiksa, yaani wenyeji wanaomwongoza mwandishi mgeni na kumfungulia njia, na kazi yao bado ipo hapa mjini. Nitaifikia.

Stori iliyotoka, siyo stori iliyotumwa

Chukua habari ambayo Kigoma nzima iliishi nayo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapumzike na kuzaliana. Hapa ziwa ndilo shamba letu, kwa hiyo kila nyumba iliguswa: mvuvi, mama anayeanika dagaa, fundi wa mashine za boti, muuza chai wa mwaloni, pale boti zinapotia nanga na kushusha samaki.

Gazeti linataka maneno mia tatu hivi na picha moja. Serikali imesema nini, wavuvi wanasemaje, dagaa sokoni wanauzwaje. Mwandishi anachukua bodaboda hadi mwalo wa Kibirizi, anazungumza na watu, anarudi, anaandika kwenye simu, anatuma. Hapo ndipo msomaji anapodhani kazi imekwisha na pesa zimeingia. Kwa kawaida anayelipwa kwa stori hulipwa kwa iliyochapishwa. Iliyotumwa ikakaa kwa mhariri hadi ikapitwa na wakati ni hasara ya aliyeituma. Mwisho wa mwezi anajumlisha zilizotoka. Zamani alikata gazeti kwa mkasi, akabandika vipande kwenye karatasi ya madai. Siku hizi wengi wanaorodhesha tarehe na ukurasa. Bodaboda haimo kwenye hesabu, wala bando. Na mhariri akiunganisha habari yake na ya mwenzake wa Katavi au Rukwa ikawa moja, malipo nayo yanagawanywa, na mgawanyo wenyewe ni wa kubembelezana.

Ukiielewa hesabu hiyo utaelewa jambo jingine ambalo watu huliona kama uvivu wa waandishi. Habari nne nyepesi za Kigoma mjini zina faida kuliko moja nzito ya Kalya, kusini kabisa mwa Uvinza, ambako kwenda na kurudi kunaweza kumaliza malipo ya mwezi. Vijiji vya mbali havikosi matukio. Vinakosa mtu wa kulipa nauli. Kamati iliyoundwa mwaka 2023 kutathmini hali ya uchumi wa vyombo vya habari nchini ilikuta waandishi wengi wanafanya kazi bila mikataba, na mjadala uliofuata ukawa wa maisha yao: bima, pensheni, posho. Sawa kabisa. Mimi naongeza kwamba asiye na mkataba huamua pia, kwa kikokotoo cha simu yake, ni kijiji kipi nchi itakisikia.

Redio ni biashara nyingine. Idhaa za Kiswahili za nje, BBC iliyoanza mwaka 1957, Sauti ya Amerika mwaka 1962 na DW mwaka 1963, kwa miaka mingi zimechukua ripoti kutoka mikoani na malipo yake ni ya fedha za kigeni. Lakini hazina haja na maneno mia tatu. Zinataka kusikia mwalo: injini inazimwa, maji yanapiga ubao, akina mama wanabishana juu ya ujazo wa ndoo, mvuvi anaeleza mwenyewe kwamba tangu ziwa lifungwe mtoto wake wa sekondari hana ada. Ripoti ya dakika tatu inaweza kumla mtu siku mbili. Akishakusanya sauti za watu inabaki yake mwenyewe, ya kusimulia, na hapo ungemcheka. Nyumba ya ukuta wa saruji na bati inarudisha mwangwi, na mhariri aliye Bonn anausikia. Basi anafunga madirisha, anazima feni, anajifunika blanketi gubigubi yeye na simu yake, anasoma sentensi mbili, jogoo wa jirani anawika, anaanza upya. Akitoka humo shati limelowa. Muda huo wote hewani utasikika kama mtu aliyeketi ofisini na kiyoyozi.

Malipo hayo ni mazuri lakini hayana mizizi. Machi 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha shughuli za Sauti ya Amerika, waliotangulia kuondolewa ni wale wa mikataba ya muda. Mtu anayetegemea idhaa moja anakuwa na mwajiri asiyemtambua kama mwajiriwa, na hilo ni baya kuliko kutokuwa na mwajiri.

Nauli ya kwenye bahasha

Kwenye semina, uzinduzi au mkutano na waandishi, mwishoni hupitishwa karatasi ya kusaini. Huitwa nauli hata kama ukumbi uko mtaa wa pili kutoka anakolala. Maadili ya taaluma, yakiwemo yanayosimamiwa na Baraza la Habari Tanzania, yanakataza kupokea kitu kinachoweza kupotosha habari, na kila mwandishi anaweza kukusomea kifungu hicho. Kisha anasaini.

Wanaolaumu husema bahasha hununua uongo. Sidhani. Nilivyoona mimi, habari nyingi za bahasha ni za kweli tupu: mradi kweli umezinduliwa, mgeni rasmi kweli amesema aliyoyasema. Kinachonunuliwa ni uwepo. Siku hiyohiyo kulikuwa na baraza la kata lililogombana juu ya ardhi, na hakukuwa na mtu wa kulipa nauli ya kwenda huko, kwa hiyo halikuandikwa. Ukusanye magazeti ya mwaka mzima yaliyoandika Kigoma utapata picha ya mkoa wenye semina nyingi kuliko watu. Hakuna sentensi moja ya uongo ndani yake, na picha yote ni ya uongo.

Katika upande huohuo, ila kwa heshima zaidi, zipo kazi za mashirika. Kwa sababu ya wakimbizi mkoa huu una mashirika ya kimataifa kwa miongo, na yote yanahitaji ripoti, makala za mafanikio, picha, video fupi, tafsiri. Hizi ndizo kazi zinazolipa kodi ya nyumba. Mteja anakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kama sheria inavyotaka kwa huduma za kitaalamu, anadai namba ya mlipakodi na ankara, analipa kwa benki. Ni kazi halali, ya jasho. Ila aliyelipwa kuandika jinsi kisima kilivyobadilisha kijiji hawezi, mwezi unaofuata, kuliandikia gazeti kwamba kisima kimekauka, labda aseme wazi ndani ya habari kwamba aliwahi kulipwa na wenye kisima. Wachache husema. Mwandishi mwenye akili huchagua mapema: mashirika haya nawafanyia kazi, haya nawaandika habari zao, na hayaingiliani.

Fiksa

Mei 2015 Warundi maelfu kwa maelfu walivuka ziwa na milima wakakusanyika Kagunga, kijiji kidogo cha mwambao mpakani mwa Burundi kisicho na barabara ya maana. Kipindupindu kikalipuka. Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuzamishwa ziwani na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 kabla Waingereza hawajaiopoa, ikafanya kazi ya kuwaleta watu Kigoma, na kutoka hapo kwenda kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Vyombo vya dunia vikaja.

Kila timu ilihitaji mtu. Anayejua boti ipi inakwenda na nahodha yupi haendi usiku. Anayejua kwamba kambini huingii bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na kibali kinaanzia meza gani. Na zaidi ya yote anayesikia lugha: Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu mno, Muha akimsikiliza Mrundi hahitaji mkalimani. Ripota mgeni anasikia alichotafsiriwa tu. Fiksa anasikia na yale ambayo mama amemnong'oneza jirani yake kabla ya kujibu. Wanaokuja kupiga picha Gombe, ambako Jane Goodall alianza kazi Julai 1960, au kutengeneza filamu juu ya Liemba, wanahitaji mtu wa namna hiyohiyo, ingawa kwa haraka ndogo zaidi.

Malipo ni kwa siku, na siku moja inaweza kupita stori za mwezi. Kwa hiyo usimshangae mwandishi mzuri akiacha kuandika msimu mzima akawa fiksa. Tatizo ni lile la Bombay na Susi. Mgeni ndiye aliyelipia boti, hoteli na petroli, kwa hiyo habari ni yake, jina ni lake, na tuzo ikija ni yake. Sikatai; ndiyo biashara. Kuna vitu viwili tu ambavyo nadhani ni ujinga kuviacha. Cha kwanza ni kuandikishana kabla ya safari kwamba fiksa naye anaruhusiwa kuandika lake kwa Kiswahili baada ya habari yao kutoka. Wengi hukubali bila ubishi, maana soko lao ni lingine. Cha pili ni daftari. Majina, tarehe, nani alisema nini, vikiwa vimeandikwa siku hiyohiyo na mkono wako. Picha wataondoka nazo. Daftari libaki.

Na wakishaondoka, yeye anabaki. Habari ikimuudhi mkubwa fulani, mgeni yuko kwake Ulaya anajibu barua pepe. Fiksa anakutana na mkubwa huyo sokoni Mwanga. Hilo pia lilipaswa kuwemo kwenye bei, na kwa kawaida halimo.

Kitambulisho, na simu ya nani itapigwa

Hapa sheria ina mchango wake katika kuchanganya mambo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilianzisha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, inayoamua nani atambuliwe kuwa mwandishi, na kanuni zake zikaweka kiwango cha elimu, stashahada, ambacho waandishi wengi wa mikoani waliojifunzia kazini hawakuwa nacho. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na mwaka 2023 Bunge likafanya marekebisho. Ithibati yenyewe ilibaki. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, ambazo mwanzoni zilimtaka mwenye chombo cha mtandaoni alipe ada zinazofikia zaidi ya shilingi milioni 2 katika mwaka wa kwanza. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini wapo waliokwisha kufunga na kurudi kuandikia wengine.

Matokeo yake kwa mtu wa kujitegemea ni kwamba anahitaji mahali pa kushikizwa. Mwenye ajira ana barua ya chombo chake. Yeye ana klabu: Kigoma wana klabu yao ya waandishi, Tabora yao, na zote ziko chini ya UTPC, umoja wa klabu za nchi nzima. Klabu ni zaidi ya kadi. Ndiyo inayojua kwamba fulani alikwenda Kakonko tangu Jumatatu na simu yake haipatikani.

Silitaji hilo kwa kutishana. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia Mwananchi kutoka Kibiti, akifuatilia mauaji yaliyokuwa yakiutikisa ukanda ule. Alitoweka Novemba 21, 2017, na hajaonekana tena. Erick Kabendera, naye wa kujitegemea, aliyekuwa akiviandikia vyombo vya nje, alikamatwa Julai 2019 na kukaa rumande hadi Februari 2020. Kesi hizo mbili ni tofauti sana, ila zinafanana katika hali yao kikazi: mtu anaandikia wengi, na hakuna mmoja kati yao aliye mwajiri wake kamili. Kabendera baadaye aliyaandika yaliyompata katika kitabu.

Kitabu: nauli ya mfukoni

Watu hudhani mwandishi wa habari anaandika kitabu akishachoka na habari. Hapa Kigoma sababu ya kawaida ni nyepesi zaidi. Ana mabaki. Ile safari ya Kibirizi ilitoa maneno mia tatu ya gazeti na dakika tatu za redio, na kwenye daftari kuna kurasa arobaini ambazo hakuna aliyezinunua: mzee aliyeeleza jinsi walivyovua kwa karabai kabla ya taa za sola, ugomvi wa mwanamke aliyenunua boti kwa siri ya mumewe, majina ya pepo zote za ziwa. Kitabu kinaanzia hapo.

Na hapa ule ukosefu wa ajira, uliomnyima bima na pensheni, unamrudishia kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inasema kazi iliyofanywa na mwajiriwa ndani ya ajira yake, haki zake za kiuchumi ni za mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Wa kujitegemea si mwajiriwa. Kama hakusaini popote kuziachia haki zake, alichokiandika ni chake, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mwenzake wa mshahara akitaka kukusanya makala zake za miaka 20 ziwe kitabu inabidi abishe hodi kwa mwajiri. Yeye anafungua kabati. Balaa ni kwamba siku hizi hata fomu ya kudai malipo ya stori moja inaweza kuwa na mstari chini unaochukua haki zote milele, na mtu anayesubiri pesa ya unga hausomi. Usomwe. Kuliachia gazeti haki ya kuchapa mara ya kwanza kunatosha, na mhariri mwenye busara hagombi juu ya hilo.

Njia hii ya kutoka habari kwenda vitabu ina mtu wake wa hapa. Ben Mtobwa, aliyezaliwa Kigoma mwaka 1958, alikuwa mwandishi wa habari na mwandishi wa riwaya kwa pamoja, na mpelelezi wake, Joram Kiango, alisomwa na kizazi kizima kwenye mabasi, mabwenini na kwenye mabehewa ya reli ya kati. Ukizisoma riwaya zile unaona ripota yuko kazini: sentensi fupi, majina ya mitaa, mtu anaingia chumbani na tayari unajua amevaa nini. Mtobwa hakuishia kupeleka miswada kwa wachapishaji. Alianzisha Heko, kampuni yake ya uchapishaji, akachapisha mwenyewe. Alifariki mwaka 2008, na nakala za vitabu vyake bado zinapita mkono hadi mkono zikiwa hazina jalada.

Kuchapisha mwenyewe kunavutia ukipiga hesabu. Mrabaha wa mwandishi, yaani fungu analopewa na mchapishaji kwa kila nakala inayouzwa, mara nyingi huwa karibu asilimia 10. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000 na zimechapwa nakala 1,000: zikiisha zote, mwandishi anapata milioni moja, kwa kazi ya miaka. Akichapisha mwenyewe faida kwa kila nakala ni kubwa zaidi, lakini anakuwa na mtaji uliolala chini ya kitanda, anaomba namba ya ISBN Bodi ya Huduma za Maktaba, analipa mtu wa kuhariri (wengi huruka hapa, na inaonekana), anasafirisha maboksi kutoka Dar es Salaam, halafu anagundua kwamba duka la vitabu Kigoma ni la daftari na sare za shule. Kwa hiyo anauza kwa mkono: kwenye semina zilezile, kwenye mahafali, kwa abiria, kwa jamaa walioko Dar wanaolipia kwa simu.

Kitabu kinachoingia shuleni ndicho kinacholipa kweli, na huko mlango uko kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Taasisi hiyo ndiyo inayoendesha pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, na la maana zaidi, mswada wake huchapishwa na kupelekwa mashuleni, jambo ambalo mwandishi wa Kasulu hawezi kulifanya kwa mfuko wake hata akiuza boti. Ipo pia tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ambayo Watanzania wameinyakua mara kadhaa. Zote zinapokea mswada usio na mchapishaji. Hazimuulizi mtu anatoka chombo gani.

Wasioshinda ni wengi kuliko walioshinda, na miswada yao haitupwi. Sura ya wavuvi inakatwa, inapunguzwa hadi maneno mia nane, inapelekwa gazeti la Jumapili ziwa litakapozungumzwa tena. Inalipwa bei ya stori moja, ikitoka.